Nyuma ya Kibao: Hotuba Kuhusu Kazi ya Mdakaji wa Ligi Ndogo za Besiboli

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wazazi na vijana wazungumzao Kiswahili wanaoishi Ohio, Marekani. Inawekwa hapa kamili kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Wazee wetu, mama zangu na baba zangu, ndugu zangu, na ninyi vijana mliochagua viti vya karibu na mlango: shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo.

Waandaaji waliniomba nizungumze juu ya kazi na riziki katika nchi hii. Nadhani walitazamia niwaeleze habari za uuguzi, udereva wa malori au kompyuta, kwa kuwa hizo ndizo kazi tunazozitaja kila tunapokutana. Naomba radhi kwao. Nimekuja kuzungumza juu ya kazi ya mdakaji wa besiboli, wala si yule wa ligi kuu ambaye picha yake mnaiona kwenye mabango ya barabarani, bali yule wa ligi ndogo, yaani timu za chini ambamo klabu za ligi kuu huwalea wachezaji wao, anayesafiri usiku kwa basi kutoka mji hadi mji, na ambaye jina lake hatulijui.

Kwa nini kazi hiyo? Kwa sababu wana wetu wameanza kuucheza mchezo huu katika shule za hapa, na mzazi anayeambiwa na mwanawe jioni kwamba kocha amemweka nyuma ya kibao ana haki ya kujua mwanawe amepewa mzigo gani. Kwa sababu, tena, tunaishi Ohio, na karibu ngazi nzima ya ligi ndogo iko mlangoni petu: Eastlake na Dayton zina timu za daraja la A ya juu, Akron ina timu ya A mbili, Toledo na Columbus zina timu za A tatu, ambalo ndilo daraja la mwisho kabla ya ligi kuu. Na kwa sababu hii ni kazi ambayo wengi wa waifanyao hawafiki kule walikokusudia, na hata hivyo mimi nashikilia kwamba ni ufundi kamili, wenye thamani yake na wenye haki ya ujira wake, hata kwa yule ambaye hakufika.

Tuanze na kazi yenyewe.

Timu inayolinda huwa na watu 9 uwanjani. Wanane kati yao wanamtazama mpigaji. Mmoja tu ndiye anayewatazama wenzake wote, naye ni mdakaji. Huchuchumaa nyuma ya kibao cha nyumbani, yaani bamba lililolazwa ardhini pale anaposimama mpigaji, mpigaji akiwa mbele yake na mwamuzi mgongoni mwake, akaudaka mpira unaorushwa na mrushaji kutoka umbali wa mita 18 na nusu hivi, mpira mgumu ambao siku hizi, hata katika madaraja ya chini, wapo wanaourusha kwa mwendo wa kilomita 150 kwa saa. Sisi tuliolelewa na kandanda tumfikirie golikipa, ambaye huuona uwanja wote mbele yake na kupiga kelele kuwapanga mabeki. Lakini golikipa anaweza kukaa dakika 20 bila kuguswa na mpira. Mdakaji huchuchumaa na kuinuka zaidi ya mara 100 katika mchezo mmoja, kesho yake akarudia, na msimu una miezi kama mitano ya kucheza karibu kila siku.

Na kudaka ndiko kudogo! Mdakaji ndiye anayependekeza mpira upi urushwe: wa kasi, wa kupinda, wa kuchelewa, juu au chini, ndani au nje. Kwa zaidi ya karne moja alifanya hivyo kwa ishara za vidole katikati ya mapaja ili adui asione. Tangu 2022 ligi kuu imeruhusu kifaa cha vitufe ambacho humnong'oneza mrushaji ndani ya kofia yake. Kifaa kimebadilika, lakini uamuzi haujabadilika. Lazima mdakaji ajue kila mpigaji wa timu pinzani anapenda nini na anaogopa nini. Lazima ajue mrushaji wake leo ameamka vipi, mkono una nguvu au umechoka, moyo umetulia au umevurugika. Mpira ukidunda ardhini mbele yake haruhusiwi kuukwepa, bali huuziba kwa kifua. Mkimbiaji wa timu pinzani hupita besi, yaani vituo vitatu, kabla ya kurudi kwenye kibao na kupata alama; akitaka kuiba besi ya pili, yaani kuikimbilia kabla mpira haujapigwa, mdakaji ana sekunde 2 hivi tangu mpira utue katika glavu yake hadi ufike kwa mwenzake aliye umbali wa karibu mita 39.

Ndiyo maana huvaa kinyago, kinga ya kifua na kinga za miguu. Kinga za miguu, mtashangaa, zilichekwa zilipoletwa uwanjani na Roger Bresnahan wa New York Giants mwaka 1907. Nitawarejesha kwenye jina hilo la ukoo baadaye, kwa sababu nyingine kabisa. Mavazi hayo yote wenyewe wanayaita kwa utani zana za ujinga, na utani huo kwa kawaida hunasibishwa na Muddy Ruel, mdakaji wa miaka ya 1920 ambaye alikuwa pia mwanasheria. Mtu mwenye shahada ya sheria ndiye aliyekuwa akichuchumaa kwenye vumbi. Hata hivyo kinga hazikingi kila kitu. Mwaka 2011 Buster Posey, mdakaji kijana wa San Francisco, alivunjika mguu alipogongwa na mkimbiaji kwenye kibao, na miaka mitatu baadaye sheria ya migongano ikabadilishwa.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi. Kambi za maandalizi hufunguliwa katikati ya Februari, huko Florida na Arizona, na wanaotangulia kuitwa ni warushaji na wadakaji. Kwa nini wadakaji? Kwa sababu warushaji ni wengi sana, kila mmoja anahitaji kuutayarisha mkono wake kwa wiki kadhaa, na mpira hauwezi kurushwa ukutani. Lazima awepo mtu wa kuudaka. Kwa hiyo klabu huajiri wadakaji wengi kuliko inavyokusudia kuwapandisha. Wengine huajiriwa wazi kabisa kwa ajili hiyo: wawahudumie warushaji ambao klabu inawathamini. Je, kijana mwenyewe anajua? Baada ya msimu mmoja au miwili, anajua.

Fanyeni hesabu. Ligi kuu ina klabu 30, na klabu moja kwa kawaida huweka wadakaji 2 katika kikosi chake cha wachezaji 26. Nafasi ni 60, tuseme 70 pale klabu nyingine inapoongeza wa tatu. Chini yao, tangu ligi ndogo zipangwe upya mwaka 2021, kuna timu 120, kila moja ikiwa na wadakaji 2 au 3, mbali na vijana walio katika kambi za mwanzo za Florida, Arizona na Jamhuri ya Dominika. Wanaozidi 240 wanazitazama nafasi 60, na wenye nafasi hizo hawana haraka ya kuziacha. Hesabu hii siwapi ili niwavunje moyo. Nawapa kwa sababu mtu anayeingia katika kazi anapaswa kuingia macho yakiwa wazi.

Mfano wangu wa kwanza ni mtu wa huku huku. Jim Leyland alizaliwa Toledo mwaka 1944 akakulia Perrysburg, ng'ambo ya mto Maumee. Mwaka 1963 alisaini mkataba na Detroit Tigers, na kuanzia 1964 hadi 1970 akadaka katika timu zao za ligi ndogo. Misimu 7. Hakuvuka daraja la A mbili. Wastani wake wa kupiga ulikuwa .222, yaani katika kila mara 9 za kupiga alifanikiwa mara 2, na mipira aliyoivusha uzio katika miaka yote hiyo ilikuwa 4. Nasema tena: misimu 7, mipira 4. Angekuwa mwanao, mama yangu, ungemwambia nini alipokuja nyumbani Krismasi ya mwaka wa tano?

Naona mzee mmoja anatikisa kichwa. Subiri, mzee wangu.

Mwaka 1971 Tigers walimkabidhi timu ya Bristol, katika daraja la chini kabisa, awe meneja wake. Alikuwa na miaka 26, umri ambao wachezaji wengi bado wanangoja kupanda. Akaendelea kuongoza timu za ligi ndogo hadi 1981, akimalizia Evansville katika A tatu. Jumlisheni: misimu 7 ya kudaka na 11 ya kuongoza. Misimu 18 ilipita kabla hajafanya kazi hata mchezo mmoja wa ligi kuu. Mwaka 1982 Tony La Russa, meneja wa Chicago White Sox, akamchukua awe kocha wa besi ya tatu. Mwaka 1986 akapewa timu ya Pittsburgh Pirates, na kuanzia 1990 hadi 1992 akaiongoza kushinda divisheni yake mara tatu mfululizo. Mwaka 1997 aliipa Florida Marlins ubingwa wa ligi kuu. Akaja Detroit, klabu ile ile ambayo haikumpandisha, akaipeleka fainali mwaka 2006 na tena 2012. Mwaka 2017 aliiongoza Marekani kutwaa ubingwa wa dunia wa World Baseball Classic kwa mara ya kwanza. Alishinda michezo 1,769 ya msimu wa kawaida, na Julai 2024 aliingizwa katika Ukumbi wa Mashuhuri huko Cooperstown, mahali ambapo wachezaji wengi waliopiga vizuri kuliko yeye hawatafika.

Alijifunza wapi? Ndilo swali ninalotaka tulikae nalo. Wako mameneja wengine maarufu waliokuwa wadakaji, kama Joe Torre, Bruce Bochy, Mike Scioscia na Joe Girardi, lakini hao wote walicheza ligi kuu, na mtu anaweza kusema kwamba walijifunza huko juu, miongoni mwa walio bora. Leyland hakucheza huko hata siku moja. Alichokuwa nacho alikipata katika viwanja vidogo vya Florida na Alabama, akiwa amechuchumaa, akiwapangia warushaji mipira, akiwatuliza waliokasirika, akiwasoma wapigaji ambao wengi wao walimzidi kwa kila kipimo cha kupiga. Kipimo cha .222 kilikuwa cha kweli kabisa, ila kilipima mkono wake tu. Macho yake hayakuwa na safu katika kitabu cha takwimu.

Lakini tusidanganyane. Kwa Leyland mmoja wako mamia ambao hakuna aliyewapa timu. Wengine walibaki kuwa wadakaji wa mazoezi, wale wanaowapasha moto warushaji pembeni mwa uwanja huku mchezo ukiendelea; wengine wakawa wasaka vipaji; wengi zaidi wakarudi makwao wakauza bima, wakafundisha shule, wakajenga nyumba. Nao walikuwa mafundi.

Sasa niwape habari ya kungoja. Chris Coste alizaliwa Fargo, North Dakota, mwaka 1973, akasoma chuo kidogo cha Concordia kilichopo Moorhead, ng'ambo ya mto. Hakuna klabu iliyomteua katika uteuzi, ile siku ambayo klabu hugawana kwa zamu vijana wapya. Katika nchi ambayo uteuzi wa kila mwaka wakati ule ulichukua mamia kwa mamia ya vijana, yeye hakuchukuliwa hata mwishoni. Akaenda kucheza ligi huru, zile ambazo hazina uhusiano na klabu yoyote kubwa, kwa misimu kadhaa katika timu ya mji wake. Baadaye akapata mikataba ya ligi ndogo, leo Cleveland, kesho Boston, keshokutwa Milwaukee, kisha Philadelphia. Alicheza kila nafasi aliyoombwa kucheza, lakini kilichomweka kazini ni kwamba alikuwa tayari kuvaa kinyago.

Katika kambi ya maandalizi ya 2006 alipiga zaidi ya .400, na wote waliokuwapo waliona. Bado kambi ilipofungwa akarudishwa ligi ndogo, kwa sababu nafasi zilikuwa zimekwisha gawiwa. Mwezi Mei mwaka huo huo nafasi ikapatikana, akaitwa. Alikuwa na miaka 33. Akapiga .328 katika michezo 65, na mwaka 2008 alikuwa katika kikosi cha Philadelphia Phillies kilichotwaa ubingwa. Kisha, kazi ilipokwisha, akarudi Concordia kuwa kocha wa timu ya chuo kile kile.

Mwenzake ni Erik Kratz, kijana wa Pennsylvania aliyesoma katika chuo cha Kimenoni huko Virginia, akateuliwa mwaka 2002 katika raundi ya 29. Alifika ligi kuu Julai 2010 akiwa na miaka 30, akawa mtu wa kupanda na kushuka, na mwaka 2018, akiwa na miaka 38, alidaka kwa Milwaukee Brewers katika michezo ya mtoano. Klabu zilimwita tena na tena kwa sababu warushaji vijana walipenda kumrushia. Sifa ya namna hiyo huchukua miaka kuijenga.

Kungoja kuna upande wake mwingine, nao ni namna kazi inavyokwisha. Hapa narudi kwenye jina la Bresnahan. Dave Bresnahan alikuwa mjukuu wa nduguye yule Roger wa kinga za miguu, na mwaka 1987 alikuwa mdakaji wa akiba wa timu ya Williamsport, Pennsylvania, katika A mbili, chini ya klabu ya Cleveland. Alikuwa akipiga .149. Msimu ulikuwa umefika ukingoni na timu haikuwa na chochote cha kushindania. Tarehe 31 Agosti, mkimbiaji wa Reading akiwa besi ya tatu, Bresnahan alimwomba mwamuzi ruhusa ya kubadilisha glavu, akarudi na glavu nyingine ambayo ndani yake alikuwa ameficha kiazi alichokimenya na kukichonga kikawa cha mviringo. Akaudaka mpira, akakirusha kiazi juu ya kichwa cha mlinzi wa besi ya tatu kana kwamba amekosea, na mkimbiaji alipokuja nyumbani akishangilia, akamgusa kwa mpira halisi ili atolewe.

Mnacheka. Uwanja nao ulicheka, lakini mwamuzi hakucheka, akaihesabu alama ile ya mkimbiaji. Meneja wake alimtoza faini ya dola 50, na kesho yake klabu ikamfukuza. Hapo ndipo kazi yake ilipoishia, akiwa na miaka 25. Mwaka uliofuata timu ya Williamsport ilimwalika na kuistaafisha jezi yake namba 59, isivaliwe tena na mwingine, heshima ambayo kwa kawaida hupewa mabingwa. Mimi simtetei; mwajiri anayelipia mpira ana haki ya kutaka urushwe mpira. Nawaambia habari hii kwa sababu moja: angalieni jinsi mlango ulivyofungwa kwa siku moja. Mdakaji wa akiba anayepiga .149 angefukuzwa hata bila kiazi, pengine wiki ile ile, na asingekumbukwa na yeyote.

Wazee wangu, sasa nafika kwenye fedha, na hapa nitakaa kidogo, maana najua ndilo swali mlilokuwa nalo tangu nilipoanza.

Kabla ya 2021 mshahara wa chini katika daraja la A ulikuwa dola 290 kwa wiki, na katika A tatu dola 502. Kwa wiki, tena kwa wiki za msimu tu. Zile wiki za kambi ya maandalizi, ambazo mdakaji ndiye anayetangulia kufika na ndiye anayechuchumaa kuliko wote, hazikuwa na mshahara. Vijana walilala sita katika nyumba ya vyumba viwili, kwenye magodoro ya kujazwa upepo, na majira ya baridi walibeba mizigo katika maghala ili wapate nauli ya kurudi kambini. Katika chumba hicho hicho cha kubadilishia nguo alikuwapo pengine kijana aliyeteuliwa mapema: mwaka 2019 mdakaji Adley Rutschman alikuwa wa kwanza katika uteuzi wote, na Baltimore walimpa dola milioni 8.1 kwa kusaini tu. Aliyeteuliwa mwishoni huenda alipata elfu chache. Wote wawili walivaa zana zile zile.

Mwaka 2014 wachezaji wa zamani wa ligi ndogo walifungua kesi wakidai kwamba malipo hayo yalivunja sheria za ujira wa chini. Mwaka 2018 bunge la nchi hii likapitisha, ndani ya muswada mkubwa wa bajeti, kifungu kilichowaondolea wachezaji hao haki ya malipo ya saa za ziada. Je, walinyamaza? Hawakunyamaza. Kesi iliendelea, na mwaka 2022 ligi kuu ikakubali kuimaliza kwa dola milioni 185. Mwaka huo huo klabu zikalazimika kuwapa wachezaji makazi, na mwezi Septemba wachezaji zaidi ya 5,000 wa ligi ndogo wakajiunga na chama cha wachezaji wa ligi kuu. Machi 2023 ukafikiwa mkataba wa kwanza wa pamoja katika historia yao. Mshahara wa chini wa mwaka ukawa dola 35,800 katika A tatu, 30,250 katika A mbili, 27,300 katika A ya juu, 26,200 katika A, na 19,800 katika kambi za mwanzo, ambako zamani ulikuwa 4,800.

Je, hizo ni fedha nyingi? Wapo humu wanaolipwa zaidi ya hapo katika maghala, na wanarudi nyumbani kila jioni. Mwaka huo huo wa 2023 mshahara wa chini wa ligi kuu ulikuwa dola 720,000, ambazo ni mara 20 ya zile za A tatu, na kutoka A tatu hadi ligi kuu ni hatua moja tu. Lakini kutoka dola 290 kwa wiki hadi hapo walipofika, hawakupewa kwa huruma. Walidai, wakaungana, wakapata. Mimi naihesabu hiyo kuwa sehemu ya kazi ya mdakaji kama ilivyo kuiziba mipira kwa kifua.

Na mzazi ambaye mwanawe atafikiwa na wasaka vipaji akiwa bado sekondari, nakuomba ukumbuke jambo hili hata ukiyasahau mengine yote: kabla hamjasaini, ulizeni kuhusu mpango wa masomo. Ligi kuu ina utaratibu ambao kwa huo klabu inaweza kuahidi ndani ya mkataba kumlipia mchezaji ada ya chuo baada ya kuacha mchezo, kwa sharti kwamba aanze masomo ndani ya miaka miwili. Unajadiliwa kabla ya sahihi. Baada ya sahihi umechelewa.

Wako vijana watakaosema: mambo haya ni ya Wamarekani, sisi yatuhusu nini? Niwatajie mmoja. Dennis Kasumba ni mdakaji kutoka Uganda, yatima aliyejulikana duniani kwa video za mazoezi yake akitumia matairi ya magari na vifaa vya kujitengenezea. Ubalozi ulimnyima visa zaidi ya mara moja. Mwaka 2023 aliipata, akaja Maryland kujiunga na Frederick Keys, wakati ule timu ya ligi ya majira ya joto iliyoanzishwa kwa ajili ya vijana wanaotafuta kuteuliwa, ligi ile ile ambayo timu ya Niles, hapa Ohio kwetu, inacheza. Frederick nayo ilikuwa timu kamili ya ligi ndogo kabla ya mpangilio mpya wa 2021 kuzipunguza timu. Kasumba hakupata michezo mingi, wala hakuteuliwa. Aliwakuta wenzake waliocheza mamia ya michezo tangu utotoni wakiwa na makocha na mashine, na tofauti hiyo haifutwi na bidii ya msimu mmoja. Nalisema hili bila kumpunguzia heshima. Nalisema kwa sababu baadhi yetu tulizisambaza video zake kana kwamba kazi ilikuwa imekwisha. Kazi ilikuwa inaanza, na vijana wetu mlio hapa, wenye uwanja, kocha na vifaa vya shule, mnaanzia mahali ambapo yeye alitamani kuanzia.

La mwisho ni la mashine, kwa kuwa najua vijana watauliza. Kwa miaka mingi klabu ziliwalipa wadakaji wasiojua kupiga kwa sababu ya ujuzi mmoja: kuupokea mpira ulio ukingoni mwa eneo la straiki, yaani eneo la juu ya kibao ambamo mpira ukipita huhesabiwa dhidi ya mpigaji, kwa utulivu kiasi kwamba mwamuzi auone kuwa ni straiki. Sasa kuna kamera zinazopima eneo hilo. Mfumo huo ulianza kujaribiwa katika ligi huru mwaka 2019, ukapanda hadi A tatu mwaka 2022, na kuanzia msimu wa 2026 ligi kuu imeukubali kwa njia ya rufaa: mwamuzi anaamua kama kawaida, na kila timu inaanza na nafasi 2 za kuupinga uamuzi wake, ambazo haizipotezi ikiwa imepinga kwa haki. Wanaoruhusiwa kupinga ni watatu tu, mrushaji, mpigaji na mdakaji, tena papo hapo, kwa kugusa kofia, bila kumuuliza mtu.

Wako waliosema mdakaji amekwisha. Tazameni kilichotokea katika majaribio ya ligi kuu kwenye kambi za maandalizi za 2025: rufaa za warushaji zilifaulu kwa asilimia 41, za wapigaji asilimia 50, za wadakaji asilimia 56. Mtu aliyechuchumaa nyuma ya kibao bado ndiye anayeliona eneo lile kuliko wenzake. Na mwaka 2026 ulipofika, ni wadakaji gani waliokuwa wamekwisha kuufanyia kazi mfumo huo kwa misimu kadhaa, wanajua wakati gani wa kupinga na wakati gani wa kuihifadhi nafasi? Ni wale wa Toledo na Columbus, na wenzao wa A tatu, ambao wakongwe wa ligi kuu sasa wanapaswa kuwauliza.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Maswali nayakaribisha.